Ndoo ya Majongoo Nyuma ya Fakitori

Kabla hujaniuliza majongoo wanauzwa wapi, niambie kwanza unataka jongoo yupi.

Mwezi jana binti aliyechukua kazi yangu ya maabara, katika ile shule ya kule juu ya Githongo, Meru, alinipigia simu akiwa karibu kulia. "Madam Wawira, nimeshinda Gakoromone tangu asubuhi. Nataka majongoo ya kufundishia Form Three na hakuna mtu anauza. Nikiuliza wananicheka." Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Gakoromone utapata ndizi, viazi, nduma na kabeji za kujaza pikapu, lakini jongoo utamtafuta hadi soko lifungwe. Nilimwambia arudi shuleni, avae gambuti, achukue ndoo, kisha anipigie tena.

Baada ya simu hiyo nikaona afadhali niandike. Nimestaafu, niko nyumbani Kianjokoma, Embu, na ng'ombe mmoja na mashina machache ya chai, na mikono yangu imeacha kunuka spiriti. Lakini nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa mnafundishwa kompyuta na bomba za gesi, halafu mnaachwa mbele ya jongoo bila neno. Hilo siwezi kulivumilia. Nilifanya kazi hii karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na kama kuna kiumbe kilichonifundisha adabu, ni huyo.

Jongoo si mmoja. Liandike hilo kwenye daftari. Ukiteremka upande wa Mbeere baada ya mvua, utakutana na yule mkubwa mweusi, mrefu kuliko kiganja chako, miguu yake myekundu, akivuka barabara kana kwamba barabara ni yake. Ukipanda huku kwetu karibu na msitu, chini ya majani yaliyooza, utampata yule bapa: mgongo wake una mabawa pande zote mbili, na kingo zake ni za manjano. Kuna wale wembamba wa kahawia, kama uzi wa kushonea gunia, wanaojificha kwenye kiazi kilichooza. Na ukibandua gome kavu la mti wa gravilia, ukiwa na lenzi na subira, utamwona mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, ana vinyweleo mwili mzima na kishada cha nywele mkiani. Huyo wa mwisho nilimfuta kwa kitambaa miaka mingi nikidhani ni vumbi.

Hata harufu zao ni tofauti. Yule mweusi, wa mviringo, ukimbana anatoa maji yanayonuka kama ayodini, na vidole vyako vitabaki rangi ya chai ya rangi wiki nzima. Usijiguse jicho. Yule bapa ananuka kama kokwa la pichi ukilivunja. Harufu hiyo ni ya sumu, kwa hiyo usimfungie kwenye chupa ndogo pamoja na wenzake halafu uingize pua. Mimi niliingiza. Nilikaa nje ya maabara kwenye ngazi nusu saa, kichwa kinazunguka, na wanafunzi wakidhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Ireri, fundi wa maabara wa shule moja hapa Kianjokoma, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinichukua nikiwa nimemaliza shule juzi, najiona mjuzi. Wiki ya kwanza alinituma nilete majongoo kumi na tandu kumi. Nilikuwa nimesoma kitabu, na kitabu kilikuwa na picha mbili: jongoo mviringo, tandu bapa. Basi nikapanda hadi kando ya msitu, nikaokota kila kilichokuwa bapa na chenye miguu mingi, nikarudi natembea kwa maringo. Nikabandika karatasi kwenye chupa: TANDU.

Ireri aliitazama chupa muda mrefu. "Umeumwa na ngapi?" akaniuliza.

"Hakuna hata moja. Zilikuwa pole sana."

"Tandu kumi, na zote pole?" Akachukua sindano, akamgeuza mmoja chali, akanisukumia lenzi. "Hesabu miguu ya pingili moja. Moja tu. Sijakuambia uangalie sura yake."

Nikahesabu. Pingili moja, jozi mbili za miguu. Nikahama hadi nyingine, jozi mbili. Tandu ana jozi moja tu kwa kila pingili, na nyuma ya kichwa ana kucha mbili za sumu, na anakimbia kama amekopa. Chupa yangu yote ilikuwa majongoo. Ireri hakunifokea. Alichana karatasi yangu taratibu, akanipa nyingine, na siku hiyo nilihesabu miguu hadi nikaiota. Ndipo nilipojua pia kwamba pingili ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu kabisa, na tatu zinazofuata zina jozi mojamoja, kwa hiyo usihesabie hapo, utajidanganya. Hesabia katikati.

Na msiwaambie wanafunzi kwamba jongoo ana miguu elfu. Nimewahesabu wengi, sijamwona huyo. Anazaliwa na jozi tatu tu, maskini, kisha kila akijivua ngozi anaongeza pingili na miguu mingine. Jongoo mchanga na mama yake hawana hesabu moja. Kuna mwanafunzi mmoja aliwahi kubishana na Mwalimu Kinoti, aliyekuwa akifundisha biolojia shuleni kwetu Githongo, kwamba jongoo wake amepungukiwa miguu kwenye pingili ya saba. Kinoti akamwandikia kosa. Nilimchukua jongoo yule, nikamweka chini ya lenzi, nikamwita Kinoti. Alikuwa dume. Dume la hawa wa kwetu, miguu ya pingili hiyo hugeuka kuwa vifaa vya kupandia jike, inajificha ndani. Kinoti alicheka hadi machozi, akafuta kosa, akampa yule mtoto alama zake. Ndiyo sababu nilimpenda Kinoti hata siku tuliyogombana, na siku hiyo naifikia sasa.

Mnajua jinsi mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unavyokwenda. Siku chache kabla, shule inapata karatasi ya siri inayosema fundi aandae nini. Hiyo karatasi unaisoma wewe na mwalimu wa somo, basi. Humwambii mume, humwambii padri. Mkiisema, mtihani umevuja, na watoto wote wa shule wanafutiwa matokeo. Mwaka huo tulikuwa na watahiniwa arobaini na watatu. Karatasi ilikuja Jumanne, mtihani ulikuwa Jumatatu, na ilitaka kila mtahiniwa awekewe jongoo mmoja.

Ungedhani ni rahisi. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Ardhi ilikuwa imekauka hadi inalia chini ya kiatu, na jongoo akiona ukame huzama chini sana, anajikunja, anasubiri. Nilichimba kwenye nduma za mtoni, nikachimba chini ya migomba, nikageuza samadi ya watu watatu. Kila mtu aliniuliza natafuta nini, na kila mtu nikamjibu natafuta minyoo ya kuvulia samaki. Githongo nzima ilijiuliza nimeanza kuvua lini.

Alhamisi jioni nilikuwa na weusi wa mviringo thelathini na mmoja, na wale bapa kumi na wawili niliowatoa karibu na msitu. Jumla arobaini na watatu. Kinoti alihesabu akapiga makofi.

"Madam, umetuokoa. Changanya tu, tumemaliza."

"Sichanganyi."

"Kwani hizo bapa si jongoo?"

"Ni jongoo. Lakini vitabu vyao vina picha mbili, Mwalimu. Mviringo ni jongoo, bapa ni tandu. Mtoto akiletewa bapa ataandika tandu."

"Mwanafunzi mzuri atahesabu miguu."

"Na yule anayetetemeka? Na mimi nilihesabu baada ya kuaibishwa, nikiwa nimemaliza shule! Wenzao thelathini na mmoja wapewe swali rahisi, hawa kumi na wawili wapewe mtego? Nani atachagua hao kumi na wawili? Wewe?"

Aliwahesabu tena. Kisha akasema, kwa upole, kwamba hakuna jongoo mwingine Meru nzima. Nikamwambia atalala akijua hivyo, mimi sitalala. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ina faida moja: inanifanya nifikiri. Nikajiuliza, katika ukame huu, ni wapi kitu kinaoza na bado kina maji?

Jibu lilikuwa linanuka kila siku nikipita. Fakitori ya kahawa. Kule Githongo kahawa ikimenywa, maganda hutupwa nyuma, rundo juu ya rundo, na maji ya kuoshea yanapita hapo hapo. Rundo la msimu uliopita lilikuwa limegeuka udongo mweusi, lenye joto, lenye unyevu. Ijumaa alfajiri, jua likichomoza, nilikuwa hapo na ndoo na kijembe. Nilipofukua mara ya kwanza nilitaka kuimba. Walikuwa wamejaa humo kama watu kwenye mkutano: weusi, mviringo, wanene. Niliwachagua wa kimo kimoja, kumi na wawili na wanne wa akiba, nikafunika ndoo kwa mfuniko.

"Weka ndoo chini, mama."

Alikuwa Mzee M'Rimberia, mlinzi wa fakitori, na rungu lake mkononi. Msimu huo wezi wa kahawa walikuwa wamesumbua pande zetu, na walinzi walikuwa wakali. Mwanamke nyuma ya fakitori asubuhi hiyo, na ndoo iliyofunikwa. Hata mimi ningejishika.

"Muga, mzee," nikamsalimia.

"Muga. Fungua."

Nikafungua. Akainama, akaruka nyuma.

"Kai! Hii ni nini?"

"Ni majongoo."

"Naona ni majongoo. Nauliza ni ya nini. Kwenu Embu munakulanga hizi?"

Sasa sikilizeni shida yangu. Mzee M'Rimberia alikuwa akiishi na mjukuu wake, Kendi. Kendi alikuwa kidato cha nne, shuleni kwetu, mmoja wa wale arobaini na watatu. Nikimwambia mzee ukweli, nimevujisha mtihani nyumbani kwa mtahiniwa. Nikikataa kusema, atanipeleka kwa meneja, watu watakusanyika. Na hata akiniacha niende tu, jioni akila atasema, "Leo nimemshika mwalimu wenu wa lab na ndoo ya majongoo." Kendi hakuwa mjinga. Angejua papo hapo, na kesho yake darasa zima lingekuwa linasoma jongoo. Ilibidi mzee yule aende nyumbani na mdomo wake umefungwa, na aufunge yeye mwenyewe kwa hiari, bila kujua kwa nini.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mzee wa Kimeru wa umri wake asingeweza kumtajia mjukuu wake wa kike.

"Mzee," nikasema, "ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya mwanamke ameolewa miaka tisa, na nyumba bado iko kimya."

Rungu lilishuka. Aliangalia viatu vyake, akaangalia kahawa, akaangalia kila kitu isipokuwa mimi. Kisha alichukua mfuniko akaurudisha juu ya ndoo kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anafunika chakula.

"Hiyo maneno sijasikia," akasema. "Hata nyumbani haifiki. Enda, mwari wakwa." Binti yangu, aliniita.

Niliteremka na ndoo yangu hadi kwenye kona, nikakaa chini kwenye majani, nikalia. Kwa sababu sikuwa nimedanganya yote. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa. Nyumba ilikuwa kimya, bila mtoto. Hilo jambo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata mama yangu, na sasa nilikuwa nimelitoa nyuma ya fakitori kwa ajili ya majongoo kumi na wawili. Niliona aibu na nikaona uchungu. Kisha nikafuta uso kwa leso, nikaenda kazini, maana majongoo hawawezi kuachwa juani.

Hapo niseme neno la kazi, nisije nikasahau. Ukimuua jongoo kwa haraka atakufa amejikunja kama kipete, na mtahiniwa hataweza kumhesabu miguu bila kumvunja. Mtulize kwanza kwenye friji hadi alegee. Kisha mtie kwenye spiriti hafifu, umnyooshe kwa vidole, ndipo umhamishe kwenye spiriti kali. Usimwache humo miezi ukitegemea rangi: spiriti hula rangi, mwekundu atageuka kahawia na mwanafunzi ataandika unachomwonyesha.

Jumapili nilikwenda kanisani. Wakati wa maombi Mzee M'Rimberia alisimama, kofia mkononi. "Tuombee mama mmoja," akasema. "Jina sitataja. Shida sitataja. Mungu anamjua na mimi namjua, inatosha." Kanisa zima likainamisha vichwa. Kendi alikuwa kando yake, macho amefumba, ananiombea kwa bidii bila kujua ni mimi. Nami nikasema Amina kwa sauti, kama wengine. Sijui kama nilitaka kucheka au kulia. Nadhani nilifanya yote mawili ndani ya leso.

Jumatatu kila mtahiniwa alikuta jongoo mmoja mbele yake, mweusi, mviringo, amenyooka. Arobaini na watatu, kimo kimoja. Nilisimama kando ya ukuta mikono nyuma. Kendi alimgeuza wake chali, akashika sindano, akaanza kuhesabu midomo ikichezacheza. Alianza nyuma ya kichwa, akasita, akahama akaanza upya katikati. Nilitamani kumkumbatia. Kinoti alipita karibu nami akaninong'oneza, "Ulikuwa sahihi, Madam." Nikamwambia asiongee wakati wa mtihani.

Siku ya pili mzee alikuja mlangoni pa maabara, na kofia mkononi vilevile.

"Kendi ameniambia kitu ilikuwa kwa meza," akasema.

Nikaweka chini chupa niliyokuwa nikiiosha.

"Kwa hivyo hakuna dawa."

"Hakuna, mzee. Nisamehe."

Akafikiri. "Na miaka tisa?"

"Hiyo ni kweli."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Basi maombi haikupotea," akasema, akavaa kofia, akaenda zake.

Mtoto hakuja. Nawaambia wazi ili msikae mkisubiri. Mume wangu alikuwa mtu mwema na tulizeeka vizuri mpaka alipofariki. Kilichokuja ni ndoo. Oktoba iliyofuata niliikuta mlangoni pa maabara asubuhi, imefunikwa kwa jani la mgomba, majongoo tele ndani, weusi, mviringo, wamechaguliwa kimo kimoja. Hakukuwa na mtu, lakini nilijua ni Mzee M'Rimberia. Mwaka huo karatasi ya siri ilitaka panzi.

Ningefanya nini? Nikiirudisha na kumwambia siwahitaji, nimemwambia kilichomo kwenye karatasi, au kisichokuwamo, na ni kosa lile lile. Basi nilimtafuta, nikasema asante sana mzee, na mchana nikabeba ndoo mwenyewe hadi nyuma ya fakitori nikawarudisha kwenye rundo lao. Ikaja mwaka wa maharagwe yaliyochipua, nikapokea, nikashukuru, nikarudisha. Mwaka wa samaki vilevile. Mwaka mmoja tu, katika miaka yote hiyo, niliwahitaji kweli, na siku hiyo nilishukuru kwa sauti ile ile ya miaka mingine, hata nusu ya neno sikuongeza. Hajawahi kuuliza. Kendi alimaliza, akasoma zaidi, akaolewa Nkubu, na ndoo ikaendelea kuja.

Mzee sasa goti linamsumbua, kwa hiyo anamtuma mtu wa boda, na boda anaambiwa tu, peleka kwa mwalimu wa lab.

Basi wewe binti uliyenipigia simu kutoka Gakoromone, ukimaliza kuwachambua hao majongoo wa Form Three, wabandike majina vizuri, mviringo kwao na bapa kwao, na usiwaonee wanafunzi haya: waonyeshe aina zote. Oktoba ikifika utaikuta ndoo mlangoni. Ipokee, useme asante, hata kama karatasi yako inataka panzi. Mchana uirudishe mwenyewe kwenye rundo nyuma ya fakitori, upitie njia ya mtoni usionekane. Na ukikutana na Mzee M'Rimberia kanisani, msalimie. Hatakuuliza.